Kuhamia Dodoma na kununua nyumba: mwongozo kamili wa kuupekua mji kabla hujatoa fedha

Dodoma ya Agosti na Dodoma ya Februari ni miji miwili. Agosti ardhi imekauka na kukaza, kila kiwanja kinaonekana tambarare, na ukuta uliopakwa rangi wiki iliyopita unang'aa juani. Februari ndipo maji yanapoonyesha njia zake, shimo la choo linapofurika, na ufa uliozibwa unapofunguka tena. Nyumba nyingi zinazowatesa wanunuzi wapya zilinunuliwa kiangazi, kwa matembezi ya mchana mmoja na dalali.

Kanuni ya mwongozo huu ni moja: usilipie nyumba ambayo wewe au mtu unayemwamini hamjaiona katika mvua, wala karatasi ambayo umeoneshwa na muuzaji peke yake.

Hatua ya 1: Panga nyumba kwanza, usinunue

Ukiweza, panga nyumba kwa miezi sita inayogusa Januari hadi Machi. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na wachache hukubali mitatu ukiwafuata wenyewe bila dalali. Kodi hiyo itakuuma, lakini ni ndogo mno ukiilinganisha na msingi wa nyumba iliyokaa vibaya.

Asiyeweza kupanga aje mara mbili: kati ya Septemba na Oktoba, wakati vumbi, upepo na mgao wa maji viko juu, kisha mwishoni mwa Januari au Februari. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka haizidi sana milimita 550 hadi 600. Ni kidogo, ila hushuka kwa vishindo vichache vikubwa juu ya ardhi isiyonyonya haraka. Ndiyo maana mji unaolia ukame unaweza kukuamsha usiku maji yakiwa sebuleni. Na ukija Juni au Julai beba sweta: mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100, na baridi ya alfajiri huwashangaza wanaotoka Pwani.

Hatua ya 2: Chora siku yako kabla ya kuchagua mtaa

Andika sehemu tatu utakazokwenda kila siku: kazini, shuleni kwa watoto, sokoni au kanisani au msikitini. Ziweke kwenye ramani ya simu, ndipo uanze kutaja mitaa.

Mji wa Serikali uko Mtumba, kilomita 17 hivi mashariki ya katikati ya mji, kwenye barabara ya Morogoro. Anayefanya kazi wizarani atafaa kutazama upande huo: Kisasa, Ilazo, Ipagala, Nzuguni, Njedengwa, Iyumbu, Ihumwa. Akinunua Nala au Nkuhungu, atavuka mji mzima asubuhi na jioni, siku zote za kazi. Chuo Kikuu cha Dodoma na Hospitali ya Benjamin Mkapa viko upande huo huo wa mashariki, kwa hiyo mitaa inayowazunguka ina wapangaji wanafunzi wengi. Hilo ni jema kwa anayetaka nyumba ya kupangisha, si lazima liwe jema kwa anayetaka utulivu. Anayesafiri sana aangalie kwamba stendi kuu ya mabasi iko Nzuguni ilhali stesheni ya SGR (reli ya kisasa) iko Mkonze, upande mwingine wa mji. Tangu treni hiyo ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wapo waliobaki na familia Dar es Salaam na kurudi wikiendi. Kama ndivyo unavyopanga kuishi, umbali wa stesheni una uzito kuliko umbali wa soko.

Area C, Area D na Kisasa zilipangwa mapema, barabara zake zinaeleweka, na bei zake ziko juu kwa sababu hiyo. Sehemu za pembezoni zina viwanja vikubwa na bei nafuu, lakini uliza lami, bomba na nguzo ya umeme vimefika wapi leo. Usikubali jibu la “vitafika karibuni”.

Safari ya majaribio ifanye Jumatatu, saa moja asubuhi, kwa chombo utakachotumia kweli. Kama ni daladala, panda daladala, hesabu na muda wa kuisubiri. Gari la dalali saa tano asubuhi halikufundishi chochote.

Kisha nenda ofisi ya mipango miji ya Jiji uulize kuhusu Mpango Kabambe wa 2019 hadi 2039. Swali lako liwe fupi: eneo hili limetengwa kwa matumizi gani, na kuna barabara gani iliyochorwa kupita hapa? Dodoma ina barabara ya mzunguko wa nje yenye zaidi ya kilomita 110, ina kiwanja kipya cha ndege Msalato, na ina kile cha zamani karibu kabisa na katikati ya mji. Kila kimoja kinaweza kupandisha thamani ya nyumba yako au kukunyima kibali cha kuongeza ghorofa. Karibu na barabara kuu, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Pima kwa futi kamba. Ukiona alama ya X ukutani, hata iliyofutwa kwa rangi, simama hapo hapo uulize maana yake kwa mamlaka ya barabara. Karibu na mto au korongo, sheria ya mazingira inataka mita 60, hata kama korongo hilo ni kavu miezi minane.

Hatua ya 3: Maji, ya bomba na ya mvua

Hili ndilo jambo zito kuliko yote Dodoma, na muuzaji atalipitia haraka. Maji ya mji kwa sehemu kubwa hutoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, na DUWASA, mamlaka ya maji ya mji, huyagawa kwa ratiba. Usimuulize muuzaji kama maji yapo. Waulize majirani watatu yanatoka siku gani, saa ngapi, na mara ya mwisho yalikatika siku ngapi mfululizo. Mwenye genge na mama ntilie wa kona hiyo ndio wanaojua, kwa sababu wao hununua madumu.

Hesabu ya tenki ni rahisi. Mtu mmoja anatumia lita 80 hivi kwa siku bila ubadhirifu, na familia ya watu watano lita 400. Maji yakikatika siku tatu unahitaji lita 1,200, na yakikatika wiki, 2,800. Tenki la lita 1,000 juu ya mnara ni pambo. Tafuta nyumba yenye lita 3,000 hadi 5,000, au weka gharama hiyo kwenye majadiliano ya bei. Tazama pia mnara wenyewe: lita 5,000 ni tani tano, na mnara wa vyuma vyembamba uliokaa juu ya zege la inchi tatu unaanza kuinama taratibu.

Maji ya huku yana chumvi. Chemsha lita moja kwenye sufuria safi mpaka yakauke, halafu tazama unga mweupe uliobaki. Fungua kichwa cha bafu uone kama vitundu vimeziba, na uulize hita imebadilishwa mara ngapi. Nyumba ikiwa na kisima chake, peleka sampuli maabara ya maji wapime chumvi, floraidi na naitreti, na umwombe muuzaji kibali cha matumizi ya maji kutoka bodi ya maji ya bonde. Naitreti hupanda pale mashimo ya vyoo yanapokaa karibu na kisima, na kuchemsha hakuiondoi.

Maji ya mvua sasa. Kama huwezi kuwapo mvua ikinyesha, isome ardhi kiangazi. Tafuta mstari wa tope ukutani kwa nje, kwa kawaida sentimita 20 hadi 50 kutoka chini, na chunguza rangi ya sehemu ya chini ya ukuta: kama imepakwa upya peke yake, uliza kwa nini. Angalia kizingiti cha mlango kilichoinuliwa kwa tofali moja, au mifuko ya mchanga nyuma ya banda. Mtu hajengi boma la maji mahali pasipo na maji. Nkuhungu na sehemu nyingine za bondeni zinajulikana kwa maji kutuama, lakini ndani ya mtaa mmoja nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kuwa na hali tofauti kabisa.

Choo nacho ni suala la udongo. Nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba la majitaka, zinategemea tangi la choo na shimo la kunyonya. Jaribu unyonyaji hivi: chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina cha sentimita 60, lijaze maji jioni, asubuhi lijaze tena, kisha pima baada ya saa moja. Yakiwa yameshuka chini ya sentimita mbili na nusu, ardhi hainyonyi. Utaishi na gari la majitaka mlangoni, na kila masika utalilipa.

Hatua ya 4: Udongo, nyufa na paa

Dodoma ina sehemu zenye udongo wa mfinyanzi na ule mweusi wa mbuga. Udongo huu hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, mwaka hadi mwaka, na msingi mwembamba hupanda na kushuka nao. Chimba mita moja pembeni mwa nyumba, chukua udongo wa chini, uloweshe, uuviringishe viganjani. Ukitoka uzi mwembamba wa milimita tatu bila kukatika, ni mfinyanzi. Jaza udongo huo kwenye kopo, uache ukauke juani siku mbili: ukiachana na kuta za kopo na kupasuka, umeona kitakachotokea chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege.

Kwenye nyumba yenyewe, nyufa nyembamba za plasta, zile za unywele, zisikutishe. Zinazotisha ni zinazoanzia pembe ya dirisha na kupanda mshazari, zinazofuata viungo vya tofali kama ngazi, au zinazopita ukuta ndani na nje mahali pale pale. Ufa wa zaidi ya milimita tano unahitaji mhandisi wa majengo kabla ya kutaja bei. Kwa kuwa wauzaji huziba, nenda na tochi jioni, ibane ukutani ili mwanga utambae sambamba na rangi. Kiraka cha putty kitaonekana kama kovu. Sogeza kabati. Fungua na kufunga kila mlango: unaosugua juu upande mmoja unakwambia fremu imepinda.

Dodoma pia hutikiswa na matetemeko. Kinachoishikilia nyumba ni lenta, mkanda wa zege na nondo juu ya kuta, iliyozunguka kuta zote bila kukatika, pamoja na kuta za ndani. Panda darini kupitia kitundu cha dari na uifuate kwa macho. Kama inaonekana juu ya milango na madirisha tu, kuta hazijafungwa pamoja. Muuzaji akiwa na picha za ujenzi, tafuta nondo nne za milimita 12 na ringi zake. Hukohuko darini angalia kenchi zimefungwaje kwenye lenta, kwa maana upepo wa kiangazi hung'oa paa lililopigiliwa misumari tu. Bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, ingawa namba inaonekana kubwa. Mchwa ni wa kutafutwa kwenye mbao za kenchi na fremu za milango: gonga kwa mpini wa bisibisi, mbao iliyoliwa hutoa sauti ya debe tupu.

Umeme: umwombe fundi mwenye leseni apime ethi, waya unaopeleka umeme ardhini kukitokea hitilafu, na apime kiangazi. Ardhi kavu haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo ethi iliyopita kipimo mwezi wa Machi inaweza kufeli mwezi wa Oktoba.

Mwisho, uliza kibali cha ujenzi na michoro iliyogongwa mhuri wa Jiji. Nyumba yenye vyumba vinne kwenye mchoro na sita kwenye ardhi ina vyumba viwili ambavyo havina karatasi.

Hatua ya 5: Karatasi

Hapa Dodoma ina historia yake, na usipoijua utapotea. Uamuzi wa kuifanya makao makuu ni wa 1973, na ardhi ya mji iliwekwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyokuwa ikiwakodisha watu viwanja kwa miaka 33. Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja CDA, kazi zake zikaenda Manispaa, na Manispaa ikawa Jiji tarehe 26 Aprili 2018. Matokeo yake ni kwamba sokoni kuna karatasi za vizazi tofauti: mikataba ya CDA, barua za toleo (za kugawiwa kiwanja kabla ya hati), hati miliki mpya, na mikataba ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa tu. Ongeza viwanja vilivyogawiwa watu wawili, kisha haraka iliyoingia serikali ilipohamia kweli baada ya 2016, uelewe kwa nini ofisi za ardhi hazikosi foleni.

Muuzaji mwenye karatasi ya CDA mwambie abadilishe kwanza, apate hati ya serikali kwa jina lake, ndipo mzungumze malipo. Akikwambia “utabadilisha mwenyewe, ni rahisi”, mjibu kwamba kama ni rahisi aanze yeye. Mwenye barua ya toleo anaweza kuwa halali, lakini jalada lake lipekuliwe Jiji. Mhuri wa mtaa unathibitisha kwamba mwenyekiti anamfahamu muuzaji. Hauhamishi umiliki.

Upekuzi rasmi ufanywe kwa Msajili wa Hati. Unapeleka namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, unalipia kwa kontroo namba, unapewa majibu kwa maandishi. Soma vitu vinne: jina la mmiliki herufi kwa herufi ukililinganisha na kitambulisho cha NIDA, muda uliobaki wa umiliki, rehani ya benki, na zuio lolote. Fanya upekuzi wa kwanza kabla ya kujadili bei na wa pili siku moja au mbili kabla ya kulipa, kwa sababu rehani inaweza kuandikishwa katikati.

Upekuzi hausemi mipaka iko wapi. Hilo ni la mpima ardhi aliyesajiliwa, aje na ramani ya upimaji, atafute kila bikoni, yaani jiwe la mpaka, na asome namba iliyoandikwa juu yake. Bikoni iliyohamishwa mita mbili inatosha kuweka tangi la choo chako kwa jirani. Majirani wawepo siku hiyo: ubishi wowote utatokea hapo hapo, bure.

Mwenye ndoa hauzi nyumba ya familia peke yake. Ridhaa ya mwenzi iwe ya maandishi mbele ya wakili, na akisema hajaoa, atoe kiapo. Nyumba ya urithi iuzwe na msimamizi wa mirathi mwenye barua ya mahakama, siyo kaka mkubwa mwenye funguo. Anayeuza kwa niaba ya mwingine aje na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, na umpigie mmiliki simu ya video. Pita pia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya uulize kama kiwanja kina kesi.

Kwa walio ughaibuni: kifungu cha 20 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, kama kilivyotungwa, hakikumruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mtanzania aliyechukua uraia mwingine azungumze na wakili kabla ya jambo lolote, na asiweke nyumba kwa jina la binamu kwa kuaminiana. Kisheria mwenye jina ndiye mwenye nyumba.

Hatua ya 6: Bei, dalali na malipo

Dalali mmoja ana dalali wa pili, wa pili ana wa tatu, na kila mmoja anaweka cha juu. Lipa hela ya kuonyeshwa ikibidi, lakini bei isitajwe mpaka umekaa na mmiliki. Pima bei kwa njia mbili: thamani ya kiwanja kwa mita ya mraba ukilinganisha na viwanja vilivyopimwa vinavyouzwa jirani, kisha gharama ya kujenga nyumba ile ile leo kwa makadirio ya mkadiria majenzi. Tazama na nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa kule Iyumbu na za Watumishi Housing Njedengwa. Hata usiponunua, bei zao zinakupa pa kusimamia.

Mkataba aandike wakili wako, siyo wa muuzaji. Mpangilio unaolinda pande zote ni huu: asilimia 10 siku ya kusaini. Sehemu kubwa ilipwe muuzaji akishasaini fomu za ardhi namba 29, 30 na 35 na hati halisi ikiwa mikononi mwa wakili. Asilimia 10 ya mwisho ilipwe jina likishabadilika. Fedha zipite benki kwenda akaunti yenye jina lililo kwenye hati. Mkisaini tu, wakili aweke zuio kwa Msajili kwa niaba yako, ili kiwanja kisiuzwe mara ya pili.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi wa Tanzania, na humhusu muuzaji. Ushuru wa stempu ni asilimia 1 na kwa kawaida hubebwa na mnunuzi. Andikeni mkatabani nani analipa nini, kwa sababu kodi isipolipwa uhamisho haupiti. Tenga asilimia 5 hadi 7 ya bei kwa stempu, wakili, uthamini, mpima na usajili.

Muuzaji atakushawishi muandike bei ndogo ili kodi yake ipungue. Kataa kwa hesabu: umenunua kwa milioni 120, mkaandika 60. Ukija kuuza kwa milioni 150, faida yako mbele ya TRA ni milioni 90 badala ya 30, na kodi ni milioni 9 badala ya 3. Kodi aliyoikwepa yeye unailipa wewe.

Hatua ya 7: Siku ya makabidhiano

Dai risiti za kodi ya pango la ardhi hadi mwaka huu na bili ya DUWASA iliyolipwa. Kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo nunua umeme wa kiasi kidogo siku hiyo hiyo uone kama kuna deni linalokatwa. Badilisha jina kwenye mita ya maji na ya umeme, badilisha vitasa vyote, na piga picha za bikoni zote nne pamoja na usomaji wa mita. Jalada la uhamisho lifuatilie mwenyewe kila baada ya wiki mbili, ukiwa na namba ya kumbukumbu mkononi, mpaka utoke na hati yenye jina lako.